Duara la Wicca Halizuii Majini

Swali limenifikia tena wiki hii, na ni lile lile: "Mwalimu, nikikanyaga mstari wa duara kabla ibada haijaisha, majini yatanifanya nini?" Wengine hulileta kwa sura nyingine. Chumvi ya kuchorea duara iwe ya mawe au ya unga? Ikikatika sehemu moja, niongezee au nianze upya? Kuna maneno ya kusoma wakati wa kuimwaga? Nafundisha historia ya dini, na kila ninapogusia Wicca, dini ya wapagani wa leo iliyoanzia Uingereza, muda wa maswali huishia hapo.

Jibu ni fupi. Majini hayatakufanya chochote, kwa sababu duara hilo halikuchorwa kwa ajili yao. Anayeuliza hivyo amekoroga pamoja mambo matatu: vitabu vya zamani vya kuita pepo, filamu za Marekani, na hofu zake mwenyewe za usiku. Kila moja lina historia yake, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza wanachofanya watu wa Wicca.

Chukua kikundi kinachofuata mapokeo ya Gerald Gardner. Kwanza chumba kinafagiliwa. Meza ndogo inawekwa iwe madhabahu, na juu yake kuna mishumaa, chetezo cha ubani, bakuli la maji, kisahani cha chumvi, kikombe cha mvinyo, na kisu cha mpini mweusi chenye makali pande mbili, ambacho wenyewe wanakiita athame. Kuhani wa kike anatumbukiza ncha ya kisu kwenye maji na kuyatakasa kwa maneno, anaigusa chumvi vivyo hivyo, kisha anaitia chumvi ndani ya maji. Halafu ananyoosha mkono wenye kisu na kuzunguka ukingo wa chumba kwa mwendo wa saa, akilichora duara hewani. Kisu hakigusi mtu wala hakikati kitu. Kwa desturi hakitumiki hata kukatia kamba; kazi hiyo ina kisu chake kingine, cha mpini mweupe. Nyuma yake yanapitishwa maji ya chumvi yakinyunyizwa, kisha chetezo, kisha mshumaa. Wakimaliza wanageukia pande nne, upande mmoja baada ya mwingine, na kukaribisha hewa mashariki, moto kusini, maji magharibi na ardhi kaskazini. Hapo duara limefungwa, na ibada inaanza: kumwita Mungu wa kike na Mungu wa kiume, kucheza kwa kuzunguka, kumwombea mgonjwa, kula keki na kunywa mvinyo. Mwishoni wanaziaga pande nne, wanalifungua duara na kukusanya vyombo.

Tazama chumvi ilipo. Imo ndani ya maji, nayo inaishia kuwa matone machache sakafuni. Hakuna mstari wa kukanyaga, kwa hiyo hakuna wa kukatika.

Duara la kutisha lipo, ila ni la watu wengine. Tangu mwisho wa Zama za Kati, Ulaya ilienea vitabu vya kuita pepo, na vingi vilidai kuwa vimetoka mkononi mwa Mfalme Suleimani. Msomaji wa pwani hatashangaa, maana habari za Nabii Suleiman kuyatiisha majini alizisikia tangu chuoni. Katika mkusanyo mmoja wa karne ya 17 unaoitwa Goetia, mwita pepo anaagizwa achore duara lenye upana wa futi 9 na kuandika majina ya Mungu kulizunguka. Nje ya duara, umbali wa futi 2, anachora pembetatu yenye upana wa futi 3, na humo ndimo pepo analazimishwa kujitokeza. Mtu yumo ndani ya duara, pepo yumo ndani ya pembetatu, na kati yao kuna ugomvi wa kutishana na kuamrishana. Katika mpango wa namna hiyo, kuuvuka mstari ni hatari kweli kwa anayeamini. Hofu ya wanafunzi wangu imezaliwa humo, katika vitabu vya watu waliotaka kumkamata pepo na kumtumikisha.

Watu wa Wicca hawamkamati mtu. Gardner, mwanzilishi wao, alizaliwa mwaka 1884 karibu na Liverpool na kutumia sehemu kubwa ya utu uzima wake Ceylon, Borneo na Malaya, kwenye mashamba kwanza na baadaye katika idara ya forodha. Alipenda visu kiasi cha kuandika kitabu kizima kuhusu keris, jambia la Wamalay, kilichotoka mwaka 1936. Aliporudi Uingereza alikaa kusini, karibu na msitu wa New Forest, na alisema kwamba huko ndiko alikoingizwa katika kikundi cha wachawi mwaka 1939. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilipofutwa mwaka 1951, akaanza kuyasema haya hadharani, na mwaka 1954 akachapisha kitabu chake Witchcraft Today.

Hapo ndipo pa kutulia, kwa sababu wanaouliza hupapita mbio. Gardner alivisoma vile vitabu vya Suleimani. Kimojawapo, Ufunguo wa Suleimani, kilikuwa kimetafsiriwa na S. L. MacGregor Mathers na kuchapishwa London mwaka 1889, na humo kuna kisu cha mpini mweusi cha kuchorea duara na kuwatia pepo hofu. Kisu akakichukua, na duara la futi 9, yaani karibu mita 2.7, akalichukua. Lakini kazi yake akaigeuza. Katika kitabu cha 1954 anaeleza waziwazi kwamba duara la waita pepo ni la kuwazuia pepo wasiingie, na la watu wake ni la kuizuia nguvu isitoke: nguvu ambayo wao wanaamini inatoka katika miili yao wanapocheza na kuimba, na ambayo ingetawanyika kama isingezungushiwa kitu. Ni mfuniko wa chungu, si komeo la mlango. Mwanzilishi mwenyewe ameandika hivyo. Sioni kwa nini tuendelee kumsikiliza anayeuza chumvi ya kuzuia majini.

Na vitendo vyao vinathibitisha. Mtu akihitaji kutoka katikati ya ibada, labda mtoto analia chumba cha pili, hakuna anayepiga kelele. Mwenye kisu anachora mlango hewani kwenye ukingo wa duara, mtu anatoka, mlango unafungwa kwa kisu hicho hicho, na akirudi anafunguliwa tena. Mtu akisahau na kupita tu, mwongozaji anazunguka upya na ibada inaendelea. Paka na watoto wadogo, kwa kauli inayorudiwa sana miongoni mwao, wanaingia na kutoka wapendavyo bila kuharibu chochote. Niambie ni boma gani la kuzuia majini linaloachwa wazi kwa paka.

Kweli, wapo wafuasi wanaosema kwamba duara linawakinga pia. Waulize wanakingwa na nini, na utasikia juu ya kelele, mawazo ya kazini, na vurugu za siku nzima ambazo hawataki kuingia nazo ibadani. Wanalitaja kama mahali palipo kati ya dunia hii na ile ya miungu. Hapo ni mahali pa kukutania na miungu, na mtu hajengi mahali pa kukutania ili ajifiche na wageni wake.

Chumvi imeingia kwa njia nyingine. Kanisa Katoliki limechanganya chumvi iliyobarikiwa na maji ya baraka kwa karne nyingi, vitabu vya Suleimani vikafanya vivyo hivyo, na Wicca ikafuata. Kote huko chumvi ni ya kutakasa. Duara la chumvi iliyomwagwa chini, linalomsimamisha pepo au mchawi nje kama aliyegonga kioo, ndilo watu waliloliona kwenye Hocus Pocus, filamu ya 1993, na katika tamthilia ya Supernatural iliyorushwa kuanzia 2005 hadi 2020. Miaka 15 ya kumwaga chumvi milangoni na madirishani inatosha kumfanya kijana yeyote aamini kwamba anaangalia mapokeo ya kale.

Wala mapokeo yenyewe si ya kale kiasi hicho. Mwaka 1921 Margaret Murray aliandika kwamba wachawi walionyongwa na kuchomwa Ulaya walikuwa waumini wa dini ya kipagani iliyodumu kwa siri, na Gardner akajiona mrithi wao. Wanahistoria wameipima nadharia hiyo kwa kumbukumbu za mahakama na kuikataa. Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol, katika The Triumph of the Moon ya mwaka 1999, amefuatilia Wicca kipande kwa kipande hadi kwenye vyanzo vyake. Kukaribisha pande nne, kwa mfano, kumepitia kwa Golden Dawn, chama cha mambo ya siri kilichoundwa Uingereza mwaka 1888. Maneno mengi mazuri ya ibada yaliandikwa upya na Doreen Valiente, aliyeingizwa na Gardner mwaka 1953. Hilo haliidharaulishi dini hii. Sensa ya 2021 ya England na Wales ilihesabu watu 13,000 hivi waliojiandika kuwa wa Wicca, na wana haki ya kuheshimiwa kama waumini wengine. Lakini anayekuuzia "siri ya miaka elfu tano" anakudanganya juu ya umri wa duara na juu ya kazi yake.

Zitazame pande nne zenyewe. Moto uko kusini, ambako mtu wa Uingereza analiona jua la mchana, na maji yako magharibi, upande wa Atlantiki zinakotoka mvua zake nyingi. Wapagani wengi wa Australia wamehamishia moto kaskazini na wanazunguka kinyume cha saa, kwa kuwa huko jua hupita kaskazini. Aliyeko Dar es Salaam ana bahari mashariki, na jua la adhuhuri liko upande wake wa kusini tangu Oktoba hadi mapema Machi, kisha linahamia kaskazini. Duara ni lugha ya ibada, na watu wanaipanga kulingana na walipo. Ingekuwa mitambo ya kuzuia majini, isingeruhusu marekebisho hayo.

Kinachoniudhi ni nani anayeumia. Wanaoniuliza kwa sauti ya chini baada ya darasa si watafiti. Ni mtu anayeamka usiku akiwa hawezi kunyanyua hata kidole, kifua kimekabwa, na anahisi kuna mtu amesimama chumbani. Anaambiwa ni jini, anauziwa mfuko wa chumvi iliyosomewa, anaizungushia kitanda, na wiki ijayo hali ikirudi anaambiwa duara lilikatika, anunue nyingine. Angalia ulaghai ulivyopangwa: dawa haikosei kamwe, mgonjwa ndiye aliyekanyaga mstari. Hilo ni jinamizi, na madaktari wanalieleza vizuri. Katika usingizi wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili usitende unachoota. Ukizinduka kabla haujaiachia, unajikuta macho wazi na mwili umegoma, huku ndoto ikiendelea kuonekana chumbani. Hupita lenyewe kwa sekunde au dakika chache. Huzidi kwa kukosa usingizi, kubadilisha zamu, msongo wa mawazo, na kulala chali. Chumvi haigusi hata moja kati ya hayo.

Sasa ya kutenda, upesi. Una jinamizi: lala saa zile zile kila siku, lala ubavu, na likirudi mara kwa mara au ukisinzia ovyo mchana, nenda hospitali. Umeshanunua chumvi hiyo: usiimwage bustanini, itaua mboga na kula chuma cha geti. Umealikwa kwenye ibada ya Wicca ughaibuni: fika mapema, kwa sababu duara likishafungwa si adabu kuingia bila kufunguliwa mlango, fuata mwendo wa wenzako, usiguse kisu wala vyombo vya madhabahuni bila ruhusa, kama hunywi mvinyo sema mapema, utapewa maji ya matunda. Umesikia kwamba wanaabudu uchi: baadhi ya vikundi vya Gardner hufanya hivyo, lakini hivyo ni vya walioingizwa na havialiki wageni. Imani yako hairuhusu kushiriki: kataa mwaliko kwa upole, hakuna atakayekufuata. Unaandika riwaya au mchezo: ukitaka pepo, tumia duara la Goetia na pembetatu yake, ukitaka Wicca, weka maji ya chumvi, kisu na pande nne, usiyachanganye. Unaandika utafiti: anza na Hutton, kisha Gardner mwenyewe, na uache video za dakika tatu. Umo ndani ya duara na unajisikia vibaya au unalazimishwa jambo: toka. Usisubiri mlango uchorwe, wala usiogope mstari. Kikundi chenye heshima kitakuuliza kama uko salama, na kinachokutisha kwa majini ili ubaki hakistahili kurudiwa.