Kufundisha Anwani za Intaneti kwa Vibao vya Nyumba

Mwanachuo atakayefundisha Kang'ata hana budi kuanza na yale ambayo watoto wanayajua. Tuwape vibao vya namba za nyumba vyenye tarakimu mbili, 00 hadi 99. Nyumba ya 101 itakosa namba. Ndivyo ilivyotokea kwa toleo la 4 la itifaki ya intaneti: anwani yake ina biti 32, yaani sifuri na moja 32, hivyo anwani zote ni kama bilioni 4.3 tu. Akiba kuu ya dunia ilikwisha kugawiwa kwa kanda mwaka 2011.

Vyombo vingi huchangia anwani moja, kama shule nzima inavyotumia S.L.P. moja na mwalimu mkuu akagawa barua. Yafaa, lakini mtu wa nje hamfikii mwanafunzi moja kwa moja.

Toleo la 6 lina biti 128. Watoto waweza kudhani kwamba anwani zimeongezeka mara nne. Tuongeze tarakimu moja kwenye vibao: namba 100 huwa 1,000. Vivyo hivyo, kila biti moja huongeza anwani maradufu.

Matoleo haya hayaelewani moja kwa moja. Ndiyo maana mitandao mingi huyatumia yote mawili sambamba. Mtoto akilieleza hilo kwa vibao vyake, amelielewa somo.