Namba Kwenye Kopo la Bangi

Katika maduka ya bangi ya Denver, jimboni Colorado, ambako biashara hii imekuwa halali kwa watu wazima tangu tarehe 1 Januari 2014, wateja wengi wana swali moja: hii ina asilimia ngapi? Wanauliza kiasi cha THC, kemikali inayolevya, ambacho huandikwa kwenye lebo ya kila kopo. Muuzaji anaijua namba hiyo kwa moyo, na bei huifuata. Mkulima akileta maua yenye harufu nzuri, yaliyokaushwa kwa uangalifu lakini yenye asilimia 16, atahangaika kutafuta mnunuzi. Jirani yake mwenye maua makavu kama majani ya chai na lebo ya asilimia 28 atauza mzigo wote.

Namba hiyo inaaminiwa kupita kiasi. Ukitaka kujua kwa nini, inabidi uanze na ua lenyewe.

THC hutengenezwa zaidi na mmea jike, katika maua ambayo hayajachavushwa. Yatazame kwa lenzi: yamefunikwa na vinyweleo vinavyong'aa, kila kimoja kikiwa na kichwa cha mviringo ambacho upana wake haufiki sehemu ya kumi ya milimita. Hivyo ni vitezi, na ndani yake mna utomvu unaonata. Utomvu huo umebeba koo mbili za kemikali. Ukoo wa kwanza ni kanabinoidi, ambao THC ni mmoja wao. Wa pili ni terpeni, mafuta mepesi yanayoruka hewani na kuleta harufu: limonini inayopatikana pia kwenye maganda ya ndimu na machungwa, pinini ya misonobari, linalooli ya lavenda, karyofilini ya pilipili manga na karafuu. Wanakemia Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walitenga THC na kueleza umbo lake mwaka 1964 nchini Israeli, wakitumia hashishi ya Lebanoni iliyokuwa imekamatwa na polisi. Tangu hapo ukoo wa kwanza umechukua sifa zote, na wa pili umesahaulika.

Ua bichi halina THC ya kutosha kumlevya mtu. Lililonalo kwa wingi ni asidi yake, THCA, ambayo haimlevyi mlaji. Moto ndio unaoing'oa kaboni dioksidi kutoka kwenye molekuli hiyo na kuacha THC. Kwa hiyo maabara hupima asidi, huizidisha kwa 0.877 kufidia uzito wa gesi inayotoka, kisha hujumlisha na THC kidogo iliyokuwepo tangu mwanzo. Jibu ndilo linaloandikwa kwenye lebo. Ni makadirio ya kile ambacho ua lingetoa kama asidi yote ingegeuka bila kupotea. Mvutaji haipati kamwe hesabu hiyo, kwa sababu sehemu kubwa huungua au hupotea na moshi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawapendi kulieleza: maji. Chukua gramu 100 za maua zenye gramu 20 za THC, yaani asilimia 20. Yaache yapoteze gramu 6 za maji. Sasa una gramu 94, THC ni ileile, lakini asilimia imepanda hadi 21.3. Pale ambapo ua hupimwa kama lilivyo, bila kuondoa hesabu ya unyevu, kulikausha kupita kiasi kunalipandisha cheo. Na wakati maji yanatoka, terpeni nyepesi zinatoka nayo. Harufu inafifia, moshi unakuwa mkali kooni, ua linavunjika vumbi mkononi. Bidhaa imeharibika na namba imependeza.

Halafu kuna maabara. Mara nyingi anayelipia kipimo ni mkulima au mfanyabiashara mwenyewe, naye yuko huru kuhamia kwa mpimaji mwingine asiporidhika na majibu. Maabara inayotoa namba za kweli hujikuta inapoteza wateja. Mwaka 2023 watafiti wa Colorado walichapisha matokeo ya kununua sampuli 23 za maua kutoka maduka 10 ya jimbo hilo na kuzipima upya. Lebo zilidai, kwa wastani, kati ya asilimia 20 na 24. Kipimo chao kilitoa wastani wa asilimia 15 hivi. Takribani sampuli saba kati ya kumi zilikuwa chini ya lebo kwa zaidi ya asilimia 15 ya kiwango kilichodaiwa. Mnunuzi alikuwa amelipia THC ambayo haikuwemo.

Msomaji wa Bukoba au Moshi atalielewa tatizo hili haraka kupitia kahawa. Robusta ya Kagera ina kafeini inayokaribia mara mbili ya ile ya arabika ya Kilimanjaro, lakini kwa kawaida arabika ndiyo inayouzwa kwa bei ya juu. Soko la kahawa lina waonjaji waliofundishwa, wanaonusa, wanaokunywa na kutema, kisha wanaipa kahawa alama kwa ladha, uchachu na usafi wake. Soko la bangi lilitoka gizani juzi tu na halijalea waonjaji wa aina hiyo kwa wingi, hivyo limeshika namba moja iliyo rahisi kusoma.

Waliojaribu kuonja kwa utaratibu wamepata jibu linalostahili kusikilizwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, zaidi ya watu 270 walipewa bangi kupitia mashindano ya ubora bila kuambiwa ni aina gani, kisha wakaeleza jinsi walivyoifurahia. Kilichokwenda sambamba na kuridhika kwao kilikuwa uzuri wa harufu. Wingi wa THC haukutabiri kitu. Ile harufu kali inayofanana na ya kicheche, ambayo kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa ya terpeni, mwaka 2021 wanakemia walionyesha kwamba inatokana na chembe ndogo sana za kemikali zenye salfa, jamaa wa zile za kitunguu saumu. Lebo ya asilimia haizitaji.

Mwili nao haufuati namba kama mteja anavyodhani. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kilitaka kulipima hilo, lakini sheria ya shirikisho la Marekani haikuruhusu bangi ya dukani iingie chuoni. Watafiti wakageuza gari kuwa maabara na kulipeleka hadi milangoni mwa wavutaji 121, waliokuwa wamejinunulia bangi yao wenyewe. Baadhi walitumia maua ya asilimia 16 au 24, wengine utomvu uliokolezwa wa asilimia 70 au 90. Matokeo yalitoka mwaka 2020: damu ya waliotumia utomvu ilikuwa na THC zaidi ya mara mbili, lakini kulewa kwao hakukuzidi kwa kiwango hicho. Usugu wa mvutaji mzoefu ni sehemu ya maelezo. Wengine wanafikiri vipokezi vya ubongo vikishajaa, kinachoongezwa hakina pa kukaa.

Hapa Afrika Mashariki hakuna lebo ya kujadili. Nchini Tanzania na Kenya bangi ni kosa la jinai, na mahakamani hesabu ni ya gramu na kilo. Anayenunua kwa siri hajui asilimia, wala hajui kama kuna ukungu au dawa ya wadudu.

Hata kama namba ya lebo haiaminiki, ukali wa bangi ni jambo zito panapohusika afya. Nchini Marekani, bangi iliyokamatwa ilikuwa na wastani wa asilimia 4 hivi za THC mwaka 1995. Kufikia 2014 ilikuwa 12. Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha utafiti uliofanywa katika maeneo 11, kumi ya Ulaya na moja la Brazili. Waliovuta kila siku bangi yenye asilimia 10 au zaidi walikuwa na uwezekano unaokaribia mara tano wa kupata maradhi ya saikosisi, ambayo humtenga mtu na uhalisia, wakilinganishwa na wasiovuta kabisa. Kama uhusiano huo ni wa sababu na matokeo, watafiti walikadiria, kuiondoa bangi kali kungezuia karibu nusu ya wagonjwa wapya wa maradhi hayo Amsterdam, na asilimia 30 ya wale wa London. Asilimia kumi, mpaka uliotumika katika utafiti huo, ni kiwango ambacho mteja wa Denver angekidharau na kumwambia muuzaji amletee kopo jingine.