Kalsiamu Inapopungua au Kuzidi kwa Mgonjwa Aliyelazwa

Kalsiamu hufahamika na wengi kuwa ni madini ya mifupa na meno, na kwa hakika takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imehifadhiwa humo. Hata hivyo, ile asilimia moja iliyobaki, iliyomo katika damu na seli, ndiyo inayouwezesha moyo kudunda kwa mpangilio, misuli kukaza na kulegea, na mishipa ya fahamu kupeleka taarifa. Kwa mgonjwa aliyelazwa mizani hii huyumba kwa urahisi. Jibu la maabara likisomwa vibaya, anaweza kupewa dawa asiyoihitaji, au kukosa ile ambayo ingeokoa maisha yake.

Jinsi mwili unavyolinda mizani

Kwa mtu mzima, kiwango cha kawaida cha kalsiamu yote katika damu ni kati ya milimoli 2.1 na 2.6 kwa lita. Walinzi wake wakuu ni tezi za paratiroidi, ambazo kwa kawaida ni nne, ndogo, zilizojibanza nyuma ya tezi ya thiroidi shingoni. Kalsiamu ikishuka, tezi hizo hutoa homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani, huzifanya figo zisiipoteze katika mkojo, na huiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze zaidi kutoka kwenye chakula.

Kulisoma jibu la maabara

Karibu nusu ya kalsiamu iliyo katika damu iko huru, na hiyo ndiyo inayofanya kazi. Sehemu kubwa ya iliyobaki hubebwa na protini iitwayo albumini. Mgonjwa mwenye utapiamlo au ugonjwa wa ini huwa na albumini kidogo, hivyo kalsiamu yake yote huonekana imepungua hata kama ile iliyo huru inatosha. Kwa sababu hiyo, kwa kila gramu 1 ya albumini inayopungua chini ya 40 kwa lita, huongezwa 0.02 kwenye jibu la kalsiamu. Mgonjwa mwenye kalsiamu 1.9 na albumini 20, kwa mfano, hurekebishiwa kuwa 2.3, kiwango kisichohitaji dawa. Hesabu hii ni makadirio tu. Kwa mgonjwa mahututi, kupima kalsiamu iliyo huru ni bora zaidi pale kipimo kinapopatikana.

Kosa laweza pia kuanzia kwenye uchukuaji wa damu. Chupa yenye kifuniko cha zambarau ina kemikali inayoinasa kalsiamu. Damu yake ikichanganywa na ya chupa nyingine, jibu huonyesha kalsiamu ya chini mno pamoja na potasiamu ya juu, ilhali mgonjwa hana tatizo. Mkono ukifungwa mpira kwa muda mrefu kabla ya kuchomwa, jibu hupanda isivyo kweli.

Kalsiamu inapopungua

Dalili za mwanzo ni ganzi na hisia ya kuchomwachomwa kuzunguka mdomo na kwenye ncha za vidole, kisha misuli kukakamaa. Mkanda wa kupimia shinikizo la damu ukijazwa upepo kupita shinikizo la juu la mgonjwa kwa dakika 3, kiganja chaweza kujikunja chenyewe. Hali ikizidi, hufuata degedege, koo kubana na moyo kwenda mrama. Visababishi vya kawaida wodini ni upasuaji wa tezi ya thiroidi, figo kushindwa kufanya kazi, ukosefu wa vitamini D, uvimbe wa kongosho, kuongezewa damu nyingi kwa haraka, na upungufu wa magnesiamu.

Mwenye dalili kali hupewa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 hadi 20, iliyochanganywa katika mililita 50 hadi 100 za glukosi ya asilimia 5, kwa dakika 10, huku moyo ukifuatiliwa kwa kipimo cha umeme wake. Ikisukumwa haraka yaweza kuusimamisha moyo; ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Isipite kamwe katika mpira mmoja na seftriaksoni kwa wakati mmoja, kwani huganda pamoja. Kwa mtoto mchanga mchanganyiko huo umesababisha vifo. Magnesiamu ikiwa chini, nayo irudishwe, la sivyo kalsiamu haitapanda.

Kalsiamu inapozidi

Hapa dalili hujificha: kiu, mkojo mwingi, kufunga choo, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Visa vingi hutokana na saratani au tezi ya paratiroidi inayofanya kazi kupita kiasi. Kifua kikuu, vidonge vya vitamini D vilivyozidishwa na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huweza pia kuchangia.

Tiba ya kwanza ni maji. Wagonjwa hawa huwa wamekaukiwa, hivyo hupewa dripu ya chumvi, mara nyingi lita 3 hadi 4 katika saa 24, kwa uangalifu zaidi kwa wenye ugonjwa wa moyo au figo. Dawa ya kuongeza mkojo haifai kutangulia maji. Kwa mwenye saratani, asidi ya zoledroniki huzuia mifupa kumomonyoka, lakini huchukua siku 2 hadi 4 kuonyesha matokeo.

Wajibu wa mgonjwa na ndugu

Aliyefanyiwa upasuaji wa tezi shingoni aeleze mara moja akihisi ganzi mdomoni au vidoleni, hasa katika siku 3 za mwanzo, hata kama amekwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Ndugu wamwonyeshe mhudumu dawa zote anazotumia mgonjwa, pamoja na vidonge vya kuimarisha mifupa vilivyonunuliwa dukani. Naye mgonjwa wa saratani akianza kuchanganyikiwa, isidhaniwe kuwa mwisho umefika, kwani huenda ni kalsiamu iliyozidi, na hali hiyo inatibika.