Mafahali Wawili Uwanjani, Nasi Watabiri

Mabingwa wawili wanapokabiliana, wachezaji huwa wawili lakini watabiri huwa maelfu. Abiri matatu kutoka Ruiru kwenda Thika jioni ya kuamkia fainali kubwa, iwe ya kandanda, ya riadha au ya tenisi, nawe utawasikia. Mmoja huapa kwa kaburi la babu yake kwamba fulani hana budi kushinda. Wa pili humcheka na kuapa kinyume chake. Utingo naye, huku akidai nauli, hutoa hukumu ya mwisho isiyokatiwa rufani. Katika mabishano hayo yote kuna neno moja ambalo halisikiki kamwe, nalo ni "huenda".

Ninaandika makala haya kulitetea neno hilo. Nawaandikia hasa walimu na wanafunzi, kwa sababu ninaamini kwamba pale "huenda" inapokosekana, kuna mtu huumia. Na mara nyingi mtu huyo huwa amevaa sare ya shule.

Nimeuchagua mchezo wa tenisi kuwa mfano wangu ingawa si mchezo wa umma kwetu. Katika sehemu hizi za Thika na Ruiru uliletwa na walowezi wa mikahawa na mikonge, wakaufungia ndani ya vilabu vyao, na hata leo mtoto wa Makongeni au wa Githurai anaweza kumaliza shule bila kuishika raketi. Hata hivyo, tenisi ina sifa mbili zinazomfaa mtu anayetaka kujifunza kutabiri. Kwanza, hakuna sare: lazima mmoja ashinde na mwingine ashindwe. Pili, kila pointi huhesabiwa na kuandikwa, hivyo tunaweza kuuchunguza ushindi hadi kwenye mifupa yake.

Tuanze na mahasimu wawili waliotawala mchezo huo mwanzoni mwa karne hii, Roger Federer wa Uswisi na Rafael Nadal wa Uhispania. Walikutana mara 40 katika mashindano ya mchezaji mmoja mmoja, na Nadal akashinda mara 24. Mtabiri mvivu ataishia hapo na kusema kwamba Nadal ndiye bora. Mtabiri mwangalifu atauliza: walichezea wapi? Kwenye udongo mwekundu Nadal alishinda mara 14 kati ya 16. Kwenye nyasi Federer alishinda mara tatu kati ya nne, na kwenye viwanja vigumu akashinda mara 11 kati ya 20. Kumbe swali la nani bora halina jibu mpaka kwanza tuutaje uwanja.

Sisi Waafrika Mashariki hatuna haja ya kwenda Ulaya kulipata funzo hilo. Paul Tergat wetu alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 1995 hadi 1999. Haile Gebrselassie wa Ethiopia hakuwahi kuutwaa ubingwa huo wa wakubwa hata mara moja. Lakini walipoingia katika mbio za mita 10,000 uwanjani, mambo yaligeuka: Gebrselassie alimshinda Tergat mjini Atlanta mwaka 1996, Athens mwaka 1997, Seville mwaka 1999 na Sydney mwaka 2000. Huko Sydney, baada ya kuuzunguka uwanja mara 25, walitenganishwa na sehemu tisa za mia za sekunde. Mwaka 2002 wakahamia barabarani, katika marathoni ya London. Khannouchi wa Marekani akawashinda wote wawili, lakini Tergat akamaliza wa pili na Gebrselassie wa tatu. Watu walikuwa wale wale, miguu ile ile. Kilichobadilika ni ardhi waliyoikanyaga.

Basi kanuni ya kwanza ya utabiri ni kuuliza mazingira. Kanuni ya pili ni ngumu zaidi: hata ukiyajua yote, tofauti kati ya mabingwa ni nyembamba kuliko tunavyodhani. Tarehe 14 Julai mwaka 2019, Federer alicheza fainali ya Wimbledon dhidi ya Novak Djokovic wa Serbia. Mechi ilichukua karibu saa tano. Katika seti ya tano Federer alikuwa mbele kwa gemu nane dhidi ya saba, mpira wa kuanzia ukiwa mkononi mwake, naye akihitaji pointi moja tu awe bingwa. Akapata nafasi hiyo mara mbili, na zote mbili zikamponyoka. Mwishowe Djokovic akashinda. Zilipojumlishwa pointi za siku nzima, ilibainika kwamba Federer alitwaa 218 na Djokovic 204. Aliyepata pointi nyingi zaidi ndiye aliyeshindwa! Mtu aliyekuwa ametabiri kwamba Federer angecheza vizuri zaidi siku hiyo alikuwa na hoja nzito, lakini kombe lilikwenda kwa mwenzake.

Federer mwenyewe aliligusia jambo hili alipowahutubia wahitimu wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwezi Juni mwaka 2024. Aliwaambia kwamba katika maisha yake ya uchezaji alishinda karibu asilimia 80 ya mechi zake, lakini pointi alizotwaa zilikuwa asilimia 54 tu. Walimu wa hisabati wanaweza kulifanyia kazi jambo hili ubaoni. Chukueni mchezaji ambaye uwezekano wake wa kutwaa kila pointi ni asilimia 54, bila kujali ni nani anayeanzisha mpira. Kwa hesabu za uwezekano zinazofundishwa katika shule zetu za upili, mtaona kwamba atashinda takriban gemu 60 katika kila 100. Mkiendelea, mtaona kwamba atashinda seti 76 hivi katika kila 100, na katika mechi ambazo mshindi ni wa kwanza kupata seti mbili, atashinda kama 86 katika kila 100. Uzidifu mdogo, ukirudiwa mara nyingi, huzaa ubingwa. Lakini zingatieni zile mechi 14 zilizobaki. Katika hizo, aliye bora anashindwa, na hakuna anayejua mapema kwamba leo ni mojawapo.

Wahenga walisema kwamba leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Sidhani walitukataza kuifikiria kesho. Mkulima wa Gatundu hutabiri mvua kabla ya kupanda, na mchuuzi wa Thika hutabiri soko kabla ya kununua ndizi. Naona walichokikataza ni kuitaja kesho kana kwamba imekwisha kuwa jana.

Sasa nije kwenye madhara. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, mkazi wa Ruiru, alinisimulia jinsi alivyopoteza shilingi 3,000 ambazo mama yake, muuza mboga, alikuwa amempa azipeleke shuleni. Aliziweka zote, kwa simu ya rafiki yake, katika mechi ya tenisi baina ya wachezaji wawili ambao hakuwahi kuwaona hata kwenye televisheni. Nilimwuliza kwa nini alichagua tenisi. Akanijibu bila kusita, "Mwalimu, kandanda huisha Jumapili. Tenisi huchezwa hata Jumanne usiku." Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini simu haimwangalii mtu usoni.

Kijana huyo hakukosa akili. Alikuwa amesoma takwimu za wachezaji wale na akanieleza vyema kwa nini alimchagua mmoja wao. Kilichomwangusha ni kwamba aliugeuza uwezekano kuwa hakika. Tena hakuijua hesabu ya mwenye duka la kamari. Tuseme mabingwa wawili wanalingana kabisa, na mwenye duka anaahidi kukurudishia shilingi 185 kwa kila 100 ukimtaja mshindi. Weka shilingi 100 mara 100: umetoa shilingi 10,000. Utapatia mara 50 hivi, na utarudishiwa shilingi 9,250. Shilingi 750 zimekwenda, na hukukosea kuliko mtu mwingine yeyote. Mwenye duka hahitaji kutabiri lolote. Anahitaji tu wewe uendelee kutabiri.

Hata hivyo, mcheza kamari hujidhuru kwanza yeye mwenyewe na jamaa zake. Kuna mtabiri mwingine ambaye dau lake hulipwa na mtu asiyeombwa ruhusa, naye yumo katika chumba cha walimu. Katika shule moja mjini Thika niliwahi kusikia orodha ya watahiniwa wa KCSE ikipitiwa kwa kalamu nyekundu: "Huyu ni wa B. Huyu tumbembeleze apate C. Huyu ni wa D, tusipoteze wakati." Hakuna aliyesema "huenda". Hakuna aliyeuliza uwanja: kwamba msichana yule husomea kwenye chumba kimoja na wadogo zake wanne, au kwamba mvulana yule alibadilisha shule mara mbili katika miaka mitatu.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Nikitabiri kwamba Djokovic atashindwa, Djokovic hanisikii, na mpira wake hauyumbi kwa sababu ya maneno yangu. Mwanafunzi husikia. Husikia hata tusipomwambia, kwa kuwa huona ni nani anayeulizwa maswali darasani na ni daftari la nani linalosahihishwa kwa makini. Utabiri wa mwalimu hauketi pamoja na watazamaji. Huingia uwanjani, hushika raketi na kucheza dhidi ya mtoto. Na D ile ikitokea, mwalimu hujipongeza kwamba aliona mbali.

Nani basi angethubutu kuziandika mapema habari za Angella Okutoyi? Ni binti wa Nairobi aliyelelewa na nyanya yake, katika nchi ambayo mchezo wenyewe hauna viwanja vya kutosha. Mwezi Julai mwaka 2022, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa wasichana wa Wimbledon wa wawili wawili. Mwezi Machi mwaka 2024, katika Michezo ya Afrika mjini Accra, alikutana katika nusu fainali na Mayar Sherif wa Misri, mwanamke aliyekuwa amefikia nafasi ya 31 duniani mwaka uliotangulia. Kwa orodha ya kalamu nyekundu, mechi ile ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza. Okutoyi akashinda, kisha akaichukua na nishani ya dhahabu.

Nawaomba pia mwangalie upande wa pili wa wavu katika fainali ile ya Wimbledon ya mwaka 2022. Okutoyi na mwenzake walishinda kwa pointi 11 dhidi ya tisa katika kipindi cha mwisho cha kuamua mshindi. Mmoja wa wasichana wawili wa Kanada walioshindwa alikuwa Victoria Mboko, binti wa wazazi waliotoka Kongo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 15. Mwezi Agosti mwaka 2025 Mboko alitwaa taji la mashindano makubwa ya Kanada mjini Montreal, akimshinda Naomi Osaka katika fainali. Aliyeyatazama machozi yake ya mwaka 2022 na kusema "huyu basi" angekuwa ametabiri kwa macho na kukosea kwa miaka.

Sisemi walimu waache kukadiria. Mwalimu asiyekadiria hawezi kujua ni nani anayehitaji msaada. Ninachopendekeza ni jambo dogo lisilogharimu hata shilingi moja. Ijumaa, kabla ya mechi yoyote inayozungumzwa na vijana, kila mwanafunzi na aandike katika daftari lake nani atashinda, kwa asilimia ngapi, na kwa sababu zipi tatu. Jumatatu wafungue madaftari. Aliyeandika asilimia 60 na akakosa asichekwe, maana alikwisha kukiri kwamba mara 40 katika 100 angekosa. Aliyeandika 100 na akapatia aulizwe kwa upole aliipata wapi hakika hiyo. Baada ya muhula mmoja, vijana watakuwa wamejifunza hisabati, insha na unyenyekevu kwa pamoja, bila mama wa mtu kupoteza fedha za mboga.

Na mwalimu naye awe na daftari lake. Kila atakapoandika "D" mbele ya jina la mtoto, aandike pia asilimia, na sababu tatu, na kando yake jambo moja atakalolifanya mwezi huo ili utabiri wake uharibike. Mtabiri wa tenisi hufurahi anapopatia. Mwalimu ndiye mtabiri pekee ambaye kazi yake ni kutafuta kukosea.