Land Rover kuukuu: bei ya kununulia ni mwanzo tu wa hesabu

WIKI hii ukurasa huu unaweka kando bei za mahindi, kahawa na hisa ili kuzungumzia mali ambayo wafanyabiashara wadogo wengi huinunua bila kuipigia hesabu: Land Rover kuukuu. Mnunuzi wa viazi na kabichi katika milima ya Usambara, mfanyabiashara wa mifugo anayefuata minada, na mstaafu anayetaka mafao yake yamwingizie chochote, wote huvutwa na hoja moja. Bei yake ni ndogo kuliko ya Land Cruiser, inapita mahali ambapo basi dogo linakwama, na hakuna mji usio na fundi anayeifahamu.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Gari kuukuu halimfilisi mwenyewe kwa bei ya kununulia. Humfilisi kwa siku linazolala gereji, na mara nyingi kilicholilaza ni kifaa cha bei ndogo ambacho hakikubadilishwa kwa wakati. Kwa aliyenunua kwa mkopo, jambo hili ni zito zaidi, kwa sababu marejesho ya mwezi hayasubiri gari litoke kwa fundi.

Mali yenyewe

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 30, 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu na chuma kikabaki kwenye chesisi na sehemu chache nyingine. Toleo la pili lilitoka mwaka 1958, na la tatu mwaka 1971 likaendelea hadi 1985. Jina la 109, ambalo wengi wetu tumelizoea, ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mwaka 1983 ilikuja 110 yenye springi za koili badala ya zile za vyuma bapa vilivyopangwa. Mwaka 1990 magari haya yalipewa jina la Defender, na la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani Solihull Januari 29, 2016.

Miaka hiyo ina maana kwa mnunuzi. Hata lililo changa kabisa katika ukoo huo sasa ni gari la mtumba, na mengi yaliyoko sokoni yamepita mikono mingi. Unachonunua ni historia ya matengenezo, iwe nzuri au mbaya.

Nunua chesisi, si rangi

Bodi ya aluminiamu haishiki kutu kama bati la kawaida, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika. Gari linaweza kung'aa juu huku chesisi yake ikiwa imeliwa. Chesisi hiyo ni chuma kilichoundwa kama boksi refu lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia humo, hukaa, na kutu huanza ndani kuja nje. Ukiona tundu dogo nje, elewa kuwa ndani hali ni mbaya zaidi.

Ingia chini ya gari ukiwa na nyundo ndogo. Gonga boriti ya nyuma kabisa, mikono inayoshika bodi, na mahali springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilichooza hutoa sauti nzito au nyundo huzama. Mahali palipopakwa lami nene au rangi mpya pagongwe mara mbili. Aidha, angalia pale aluminiamu inapokutana na chuma. Metali hizi mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa na kugeuka unga mweupe, na chumvi huharakisha kazi hiyo. Kwa sababu hiyo gari lililokaa miaka mingi Tanga, Bagamoyo au Unguja likaguliwe kwa makini kuliko lililotoka Dodoma.

Injini, gia boksi na hata ekseli hununuliwa na kufungwa. Chesisi iliyooza huchomelewa leo hapa na kesho pale, na kila mara bodi hufunguliwa. Kwa lugha ya uwekezaji, chesisi ndiyo mtaji. Vingine ni gharama za uendeshaji.

Mpira wa rejeta na bei ya silinda hedi

Ajali kubwa ya kila siku ya magari haya ni injini kuchemka. Chanzo chake huwa kidogo: mpira wa rejeta uliokauka na kupasuka, feni belti iliyolegea, au rejeta iliyoziba kwa matope na mbegu za majani. Injini za zamani za lita 2.25, za petroli na za dizeli, zina hedi ya chuma na huvumilia kidogo. Injini za dizeli za 200Tdi na 300Tdi, zilizoanza kufungwa katika Defender mwaka 1990 na 1994, zina hedi ya aluminiamu. Hiyo ikipata joto kupita kiasi hupinda, gasketi huungua, na maji huanza kuingia mahali pasipotakiwa.

Dereva na aambiwe jambo moja: maji yakiisha kabisa, mshale wa joto unaweza kushuka badala ya kupanda, kwa sababu kifaa kinachopima joto hakiguswi tena na maji. Mshale ukishuka ghafla mlimani, asifurahi, asimamishe gari.

Tufanye hesabu. Tarakimu zote katika makala haya ni za mfano tu, na msomaji aweke zake kulingana na soko la mahali alipo. Tuseme gari lako linabakiza sh. 50,000 kwa siku baada ya kutoa mafuta na posho ya dereva. Mpira wa rejeta ni sh. 25,000. Usipoubadilisha ukapasuka njiani, hedi ikapinda, unalipa sh. 900,000 za kuichonga, gasketi na ufundi. Gari linalala siku 12, yaani sh. 600,000 ambazo hazikuingia. Jumla ni sh. 1,500,000. Umekataa kutoa sh. 25,000, ukaja kulipa mara 60 yake. Zingatia pia kuwa zile sh. 600,000 haziandikwi kwenye risiti yoyote ya fundi, ndiyo maana wengi hawazioni.

Kundi hilo hilo lina mkanda wa taimingi wa injini za Tdi. Injini za lita 2.25 hutumia mnyororo, lakini Tdi hutumia mkanda wa mpira, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni na valvu hugongana. Ukinunua gari la Tdi na muuzaji hana uthibitisho wa lini mkanda ulibadilishwa, ubadilishe kabla ya safari ya kwanza na uhesabu fedha hiyo kama sehemu ya bei ya gari.

Oili, mito na matope

Utani wa madereva unasema Land Rover isiyovuja oili imeishiwa oili. Utani huo una ukweli, lakini usiwe kisingizio. Kuvuja kidogo si hasara kubwa. Hasara ni kutokujaza. Kagua oili ya injini kila asubuhi, na ya gia boksi na difu kila mwisho wa wiki.

Baada ya kuvuka mto, fungua difu uangalie. Oili iliyogeuka nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji na imwagwe siku hiyo hiyo. Ekseli zina kipumulio kidogo juu yake. Kikiziba kwa matope, hewa iliyopata joto ndani hukosa pa kutokea na kusukuma oili kupitia sili za magurudumu hadi kwenye breki. Mwenye gari hununua viatu vipya vya breki mara mbili, tatu, akidhani ni feki, kumbe kilichotakiwa ni kuzibua kipumulio na kubadilisha sili.

Ekseli ikikatika, breki ya mkono haikusaidii

Katika matoleo ya zamani, hasa yakipakiwa kupita kiasi, hafu shafti ya nyuma hukatika. Injini inaunguruma, gia imeingia, gari halisogei. Hapa Land Rover ina fadhila. Uzito wa gari haubebwi na shafti hiyo, hivyo fundi huweza kuichomoa pamoja na kipande kilichobaki ndani, gurudumu likabaki mahali pake. Ukiingiza gia ya kuvuta magurudumu manne, gari linarudi nyumbani polepole kwa nguvu ya mbele. Kwa 110, ambayo huvuta yote manne wakati wote, unafunga difu ya katikati.

Lakini kuna hatari ambayo imeumiza watu. Breki ya mkono ya magari haya haishiki magurudumu. Inashika propela shafti ya nyuma, pale inapotoka kwenye gia boksi. Hafu shafti ya nyuma ikikatika, au gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu inaruhusu gurudumu kuzunguka na gari laweza kuteremka hata kama breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Hakuna mtu kuingia chini ya gari kabla mawe hayajawekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Mwajiri anayemtuma utingo chini ya gari mteremkoni bila mawe anacheza na maisha ya mtu, na hasara hiyo haina spea.

Spea: nunua kwa namba

Kutengenezwa kwa magari haya kumekwisha, lakini spea zake bado zinatengenezwa na viwanda vingi, na tatizo la mnunuzi Kariakoo au Gerezani ni ubora. Kipuri kimoja huweza kuwa na bei tatu katika mtaa mmoja. Kwa mapambo, mapazia na vioo, chukua cha bei nafuu. Kwa breki, usukani, gasketi na mkanda wa taimingi, ubahili ni hasara. Nenda na kifaa cha zamani mkononi na namba ya chesisi kwenye karatasi, maana vifaa vilibadilika ndani ya toleo moja.

Weka ndani ya gari akiba ndogo: mipira miwili ya rejeta, feni belti, filta ya dizeli, krosi ya propela, oili, maji, na spana za inchi na za milimita, kwani magari mengi haya yana nati za aina zote mbili. Boksi hilo ndilo bima yako dhidi ya kulala porini na mzigo wa kabichi unaooza.

Daftari la kilomita

Wengi huandika mapato na mafuta tu, na chochote kinachobaki hukiita faida. Hiyo si faida. Sehemu yake ni matairi, klachi na springi ambazo tayari zimetumika lakini bado hazijadaiwa. Njia rahisi ni kutenga fedha kwa kila kilomita. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, linafanya kilomita 2,640. Ukitenga sh. 150 kwa kilomita, unaweka sh. 396,000 kila mwezi. Kutoka sh. 1,100,000 ulizobakiza, faida ya kuzungumzia ni sh. 704,000, kabla ya marejesho ya mkopo. Akiba hiyo ikae kwenye akaunti yake, isichanganywe na ada za shule wala michango ya harusi.

Kutengeneza au kuuza?

Siku inafika fundi anasema injini ifanyiwe ovahoo. Hapo mwenye gari husema, "Nimeshaweka milioni nne mwaka huu, siwezi kuliacha." Fedha iliyokwisha kutumika haitarudi, utengeneze au uuze, kwa hiyo isiingie katika uamuzi. Linganisha yaliyo mbele tu.

Tuseme gari lilivyo linauzika kwa sh. 5,000,000 na ovahoo ni sh. 3,500,000. Ukitengeneza, unakuwa umeweka sh. 8,500,000, yaani bei uliyoiacha na gharama ya fundi. Baada ya mwaka tuseme litauzika kwa sh. 5,000,000. Pengo la sh. 3,500,000 lazima lijazwe na kazi. Kwa siku moja gari linabakiza sh. 50,000, toa akiba ya kilomita sh. 18,000, zinabaki 32,000. Gawanya, utaona linahitaji siku 110 za kazi kwa mwaka, kama siku 9 kila mwezi, ili urudi palepale, na hapo hatujaweka riba.

Mwenye mzigo wa mwaka mzima ana sababu ya kutengeneza. Anayetegemea msimu mmoja wa mavuno, na barabara ikafungwa na masika, auze mapema wakati gari bado linawaka mbele ya mnunuzi, maana gari lililokufa gereji hupimwa kwa bei ya skrepa.