Ruvu JKT: kambi ya wanaoitwa na wanaojiita

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha sita ikishakwisha, Jeshi la Kujenga Taifa hutoa tangazo la vijana wanaotakiwa kambini kwa mujibu wa sheria. Nyumba nyingi za Kibaha na Kisarawe hulifuatilia, maana Kibaha Sekondari na Minaki zote zina wahitimu wa kidato hicho. Si lazima wapangiwe karibu na kwao. Kijana wa Minaki anaweza kujikuta Mafinga kwenye baridi, au Bulombora kule Kigoma.

Tangazo hilo huorodhesha na vifaa vya kwenda navyo: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayoishia magotini; fulana ya kijani; raba; shuka mbili za bluu bahari; soksi ndefu nyeusi; nauli ya kwenda na kurudi. Wazazi hukimbilia sokoni na orodha hiyo mkononi, na wengi hawasomi kwa makini sentensi moja iliyo jirani nayo. Inasema kwamba vijana wenye ulemavu wa kuonekana kwa macho waripoti Ruvu JKT, Mlandizi, mkoani Pwani, kwa kuwa ndiko kwenye miundombinu ya kuwahudumia.

Sentensi hiyo inaeleza kambi ya Ruvu, yaani Kikosi cha 832 KJ, kuliko gwaride lolote. Jeshi la vita huchuja miili. Lingekuwa ni suala la kutafuta askari tu, kijana anayetembelea magongo asingeitwa. Anaitwa kwa sababu JKT lilipewa kazi tatu: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi. Ubishi wote kuhusu kambi hizi, tangu mwanzo mpaka leo, umetokana na swali la kazi ipi itangulie.

JKT lilianza tarehe 10 Julai 1963, wazo likiwa limetoka Umoja wa Vijana wa TANU, na Waisraeli wakasaidia kulisimamisha kwa mfano wa vikosi vyao vya vijana wanaolima huku wakijifunza silaha. Halikudumu mwaka kabla ya kuonekana umuhimu wake kwa dola. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Colito, kambi tunayoiita Lugalo leo, waliasi, na serikali ikalazimika kuwaita Waingereza kuwazima. Jeshi la zamani likavunjwa. Jipya, JWTZ, lililozaliwa Septemba 1964, lilitafuta watu wake kwa Vijana wa TANU na JKT. Toka hapo kambi ya malezi ikawa pia mlango wa kuingilia jeshini, na haijaacha kuwa hivyo.

Kisha likaja suala la wasomi. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wanaomaliza elimu ya juu watumikie miaka miwili: miezi michache kambini, iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu wakiwa na mabango, mengine yakidai heri enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere alikasirika. Karibu wanafunzi 400 walirudishwa makwao, naye akajikata asilimia 20 ya mshahara wake. Kwa maoni yangu, kule kujikata mshahara ndiko kuliipa JKT heshima miaka iliyofuata. Watu walivumilia kwata, jembe na fatiki kwa kuwa waliona mkubwa naye amepunguziwa.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliwachukua vijana wengi wa kambini. Shirika la uzalishaji, SUMAJKT, likaundwa 1981. Kufikia 1994 fedha hazikutosha na mafunzo ya lazima yakasitishwa. Wa kujitolea walirudi 2001, wa mujibu wa sheria 2013, na mwaka huo hata wabunge vijana kadhaa walivaa kombati.

Hapo katikati, ajira zilikuwa zimeadimika, na kambi ikageuka maana bila mtu kutangaza. Kijana wa 1966 aliikwepa kwa sababu tayari alikuwa na kazi nzuri inayomsubiri. Kijana wa leo anayejitolea anaingia kwa sababu hana. Anajua kwamba vyombo vya ulinzi na usalama hupenda kuchukua waliopitia JKT, basi analima, anapiga kwata, anajenga, huku akihesabu miezi ya mkataba. Vijana hao walijenga ukuta wa Mererani wenye urefu wa kilomita 24.5, na baadhi yao wakatumika katika ujenzi Chamwino. Aprili 2021 wengine waligoma na kuelekea Ikulu ya Chamwino wakidai ajira jeshini waliyosema waliahidiwa. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuondolewa kambini kwa vijana 854.

Waliotimuliwa 1966 waliikataa kambi. Wa 2021 walikataa kuachwa nayo. Kosa la nidhamu lipo kote kuwili, na jeshi lisilo na nidhamu si jeshi. Lakini nidhamu haijibu swali la ahadi. Mkubwa akitamka ajira jukwaani, kuruta huisikia kama agizo, wala hangoji barua.

JKT lenyewe sasa husema wazi. Tangazo la kujitolea, ambalo kijana wa Kisarawe huanza kulifuatilia katika ofisi ya wilaya yake, hueleza kwamba JKT halitoi ajira wala halihusiki kuwatafutia vijana ajira katika vyombo vya ulinzi na usalama au mashirika. Hutoa mafunzo ya kuwawezesha kujiajiri. Huo ni uungwana, ingawa unawaachia wakufunzi mzigo: stadi za kilimo, ufugaji na ufundi zinazofundishwa Ruvu ziwe za kumlisha mtu kweli akishavua kombati. Na wewe mzazi, kabla hujauza mbuzi ili umpe mwanao nauli, msomee tangazo hilo lote, na mstari wa ajira umsomee mara mbili.