Ndani ya Kambi ya Kikapu ya Kiangazi

Kambi ya kiangazi ya mpira wa kikapu ni mafunzo ya siku chache, mara nyingi nne au tano, yanayofanyika shule zikiwa zimefungwa. Marekani, ambako desturi hii imekomaa, viwanja vya shule, vyuo vikuu na vituo vya chama cha vijana cha YMCA hujaa watoto na vijana kuanzia Juni hadi Agosti. Jambo la kuvutia ni kwamba mchezo wenyewe ulibuniwa kwa ajili ya baridi. Desemba 1891, mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda katika ukumbi wa chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, ili wanafunzi wake wapate mchezo wa ndani wakati nje hakukaliki. Hadi leo ligi za shule na vyuo vya Marekani huchezwa wakati wa baridi, na hapo kocha anawaza mechi ya wiki ijayo. Kiangazi hana mechi ya kushinda, kwa hiyo ana nafasi ya kumsimamisha mtoto mmoja, kumwonyesha kosa la kiwiko chake, na kumwacha arudie hadi aliache.

Kambi ziko za namna mbili kubwa. Ya kutwa huanza kama saa tatu asubuhi na kumalizika saa tisa au kumi alasiri, na mtoto hulala kwao. Ya bweni huwalaza vijana katika mabweni ya chuo, na huwafaa zaidi wenye umri wa sekondari. Zote mbili huanza kwa usajili: fomu ya afya iliyotiwa saini na mzazi, majina ya dawa anazotumia mtoto, na namba za simu za dharura. Mwenye pumu huja na dawa yake ya kuvuta, na kocha wa kundi lake huelezwa siku ile ile.

Baada ya hapo watoto hugawanywa kwa umri na uwezo. Kambi nzuri hujulikana mapema hapa, kwa vifaa vyake. Ringi ya watu wazima iko mita 3.05 kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka minane akipewa ringi hiyo na mpira mkubwa, hana njia ila kuusukuma kwa mikono miwili kutoka kiunoni, na mazoea hayo humganda kwa miaka. Ndiyo maana mwongozo uliotolewa na ligi ya NBA pamoja na shirikisho la kikapu la Marekani unapendekeza ringi ya mita 2.44 na mpira namba 5 kwa watoto wa miaka 7 na 8, kisha ringi ya mita 2.74 na mpira namba 6 kwa wa miaka 9 hadi 11. Kuanzia miaka 12 ringi hupanda hadi kimo chake kamili; wasichana hubaki na namba 6, na wavulana huhamia namba 7. Kambi inayowarushisha watoto wa darasa la pili kwenye ringi ya juu haijawafikiria.

Kiini cha kambi ni saa za asubuhi, na mpangilio wake maarufu ni wa vituo. Uwanja hugawanywa sehemu kadhaa, kila sehemu na kocha wake na somo moja. Filimbi ikilia, makundi yanahama. Mtindo huu ulipata sifa kubwa katika kambi ya Five-Star, iliyoanzishwa mwaka 1966 na Howard Garfinkel pamoja na Will Klein. Michael Jordan alipitia hapo mwaka 1980 akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, asiyejulikana sana nje ya jimbo lake la North Carolina, akaondoka na tuzo ya mchezaji bora.

Katika kituo cha kudunda mpira, watoto huzoezwa kutumia mkono dhaifu na kuinua macho, maana anayeutazama mpira haoni mwenzake aliye wazi. Kituo cha pasi hufundisha pasi ya kifuani, ya kudunda sakafuni na ya juu ya kichwa. Kituo cha ulinzi huchosha mapaja: magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, miguu inateleza kando bila kupishana. Wageni wengi hushangazwa na muda unaotumika kwenye miguu tu. Mchezaji aliyeshika mpira anaruhusiwa kuzunguka kwa mguu mmoja uliobaki palepale. Akiunyanyua mguu huo kabla ya kuanza kudunda, amefanya kosa la kutembea na mpira. Kusimama kwa miguu miwili, kugeuka na kulinda mpira kwa mwili huonekana mambo madogo, lakini mtoto asiyeyaweza hupoteza mpira kila anapobanwa.

Kurusha hufundishwa kutoka karibu. Kiwiko kiwe chini ya mpira, mkono wa pili uuongoze tu bila kusukuma, nguvu itoke miguuni, na kifundo cha mkono kimalizie kwa kukunjika. Zoezi moja la zamani bado lipo karibu kila kambi, nalo hubeba jina la George Mikan, mchezaji mrefu wa Minneapolis Lakers: mtoto husimama chini ya ringi, hufunga upande wa kulia, hudaka mpira kabla haujaanguka, hufunga upande wa kushoto, na kuendelea hivyo bila kupumzika. Halihitaji mwenzi wala mashine, na mtoto anaweza kuendelea nalo akirudi kwao.

Mchana ni wa michezo. Kambi nyingi hutanguliza watatu kwa watatu kabla ya watano kwa watano, na zina sababu: wachezaji wakiwa wachache, kila mmoja anagusa mpira mara nyingi zaidi na hana pa kujificha. Mtindo huo wa watatu ulichezwa kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo mwaka 2021. Siku ya mwisho huwa na mashindano ya timu za kambi, na baadhi ya makocha humpa kila mtoto karatasi inayoeleza alipofika na anachopaswa kufanyia kazi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kikombe.

Mzazi afungashe raba zinazoshika sakafu na zilizokwisha kuzoeleka mguuni, soksi nzito, nguo za kubadilisha na chupa kubwa ya maji. Raba mpya siku ya kwanza huleta malengelenge. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri mwenye miaka 9 hadi 12 anywe kati ya mililita 100 na 250 kila baada ya dakika 20 za mazoezi, bila kungoja kiu. Jeraha la kawaida ni kuteguka kifundo cha mguu. Vijana wanaorefuka haraka hupata pia maumivu chini ya goti, na hao hupaswa kupumzishwa, si kuhimizwa wavumilie. Ni haki ya mzazi kuuliza kila kocha anasimamia watoto wangapi, kama historia za wasimamizi zimekaguliwa, nani anajua huduma ya kwanza, na mashine ya kushtua moyo iko wapi.

Familia nyingi hulipa ada zikitumaini mtoto ataonekana na kupata ufadhili wa masomo. Tumaini hilo lipimwe vizuri. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinataka kambi za vyuo ziwe wazi kwa yeyote anayejiandikisha, mradi nafasi, umri na darasa vinaruhusu. Kwa hiyo barua ya kukaribishwa kambini si dalili kwamba chuo kinamtaka kijana huyo.

Ziko kambi nyingine ambazo mtu huenda kwa kuchaguliwa. NBA na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, huendesha Basketball Without Borders, iliyoanza mwaka 2001 huko Treviso, Italia, na kufika Afrika mwaka 2003 jijini Johannesburg. Joel Embiid wa Kameruni alianza kikapu akiwa na miaka 15. Mwaka 2011 alionekana katika kambi ya Mkameruni mwenzake Luc Mbah a Moute, mchezaji wa NBA, mjini Yaoundé, akapelekwa kwenye kambi ya Basketball Without Borders jijini Johannesburg, kisha Marekani. Mwaka 2023 alitangazwa mchezaji bora wa NBA. Afrika Mashariki inalijua zaidi shirika la Giants of Africa, lililoasisiwa mwaka 2003 na Masai Ujiri, aliyewahi kuongoza timu ya NBA ya Toronto Raptors na ambaye mama yake ni Mkenya, pamoja na Godwin Owinje. Kambi zake zimefika Kenya na Rwanda, zinapokea wasichana na wavulana, na pamoja na kurusha na kulinda hufundisha heshima kwa wanawake na uongozi. Agosti 2023 shirika hilo liliadhimisha miaka 20 jijini Kigali, kwa tamasha lililowakutanisha vijana wa nchi mbalimbali za Afrika.